Dennis Ritchie, mzee wa C

Wengi tunahenyeka na C muhula mzima bila kumjua aliyeileta. Dennis Ritchie alizaliwa 1941 jimbo la New York, Marekani, akasoma fizikia Harvard, na mwaka 1967 akaingia Bell Labs. Hapo mwenzake, Ken Thompson, alikuwa na lugha ya B isiyojua aina za data: kila kitu ni neno moja la mashine, basi. Ilipokuja kompyuta ya PDP-11, inayoshika baiti moja moja, B haikutosha. Ritchie akaiongezea aina, na kufika 1972 ikawa C. Mwaka 1973 Unix ikaandikwa upya kwa lugha hiyo.

Aina zikaleta sheria za kugeuzana. Linganisha int yenye -1 na unsigned int yenye 1: kompaila haikatai, inaigeuza -1 iwe namba isiyo na alama, na kwa biti 32 inakuwa 4,294,967,295. Hasi imeshinda chanya! Siyo bagi hiyo, ndiyo sheria yenyewe. C inamwamini anayeiandika, kwa hiyo kazi ya kujua ni yako.

Ritchie alipata Tuzo ya Turing 1983, akafariki 2011. Kabla hujailaumu mashine, kague kwanza aina ulizotangaza.