Robert Wangila

Robert Napunyi Wangila (3 Septemba 1967 – 24 Julai 1994) alikuwa bondia kutoka nchini Kenya. Anajulikana hasa kwa kutwaa medali ya dhahabu ya uzito wa welta katika Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1988 iliyofanyika Seoul, Korea Kusini. Ndiye Mkenya pekee aliyewahi kushinda dhahabu ya Olimpiki nje ya mchezo wa riadha. Alifariki akiwa na umri wa miaka 26 kutokana na majeraha aliyoyapata ulingoni huko Las Vegas, Marekani.

Ngumi katika Afrika Mashariki kabla yake

Wangila alikulia katika ukanda uliokuwa tayari na jina katika ngumi za ridhaa. Philip Waruinge wa Kenya alipata shaba katika Olimpiki ya 1968 na fedha mwaka 1972. Titus Simba wa Tanzania alipata fedha katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya 1970 huko Edinburgh. John Mugabi wa Uganda alipata fedha katika Olimpiki ya 1980 huko Moscow. Kenya haikushiriki Olimpiki za 1976 na 1980 kwa sababu ya migomo ya kisiasa. Iliporudi Los Angeles mwaka 1984, Ibrahim Bilali aliipatia shaba katika ngumi. Dhahabu ndiyo iliyokuwa bado haijapatikana.

Kupanda kwake

Wangila alizaliwa Nairobi. Mwaka 1987 jiji hilo lilikuwa mwenyeji wa Michezo ya Afrika, naye akashinda dhahabu ya uzito wa welta mbele ya watu wa nyumbani. Mwaka uliofuata aliteuliwa katika timu ya taifa iliyokwenda Seoul.

Katika fainali ya Olimpiki, mwanzoni mwa Oktoba 1988, alikutana na Laurent Boudouani wa Ufaransa na kumwangusha kwa nokauti katika raundi ya pili. Jambo hilo lilikuwa na uzito wa pekee, kwa kuwa waamuzi wa ngumi katika michezo hiyo walilaumiwa sana kwa baadhi ya maamuzi yao ya pointi. Ushindi wa Wangila haukuhitaji pointi. Alikuwa Mwafrika mweusi wa kwanza kutwaa dhahabu ya ngumi ya Olimpiki kwa niaba ya nchi ya Afrika; kabla yake dhahabu hizo zilikuwa zimechukuliwa na mabondia Wazungu wa Afrika Kusini. Kenya ilipata dhahabu 5 huko Seoul. Nyingine 4 zilitoka kwa wanariadha Paul Ereng, Peter Rono, Julius Kariuki na John Ngugi. Bondia mwenzake, Chris Sande, alipata shaba.

Ngumi za kulipwa

Mwaka 1989 Wangila aliingia katika ngumi za kulipwa na kufanya makazi yake Las Vegas. Matarajio yalikuwa makubwa: wengi waliamini kuwa mkanda wa dunia ungefuata baada ya dhahabu. Hata hivyo ngumi za kulipwa zina mahitaji yake. Pambano la Olimpiki wakati huo lilikuwa la raundi 3, na mabondia walivaa kofia ya kukinga kichwa. Katika ngumi za kulipwa kofia haivaliwi, na pambano kubwa linaweza kufika raundi 10 au 12. Nguvu zinazomaliza kazi mapema haziwezi kutegemewa kila mara. Bondia hulazimika pia kujua kujikinga na kutunza pumzi.

Wangila alipigana mapambano 27, akashinda 22, mengi yake kwa nokauti, na kupoteza 5. Hakupata kupigania ubingwa wa dunia.

Pambano la mwisho

Tarehe 22 Julai 1994 alipambana na David Gonzalez wa Marekani huko Las Vegas. Katika raundi ya 9 mwamuzi Joe Cortez alilisimamisha pambano baada ya kuona kwamba Wangila anapigwa bila kujibu vya kutosha. Wangila alipinga uamuzi huo akitaka kuendelea. Muda mfupi baadaye alipoteza fahamu na kukimbizwa hospitalini, ambako alifanyiwa upasuaji wa ubongo. Alifariki tarehe 24 Julai. Pambano ambalo yeye mwenyewe aliona limesimamishwa mapema lilikuwa tayari limemdhuru kuliko ilivyoonekana kwa macho.

Tathmini

Swali la kama Wangila alitimiza matarajio lina majibu mawili. Katika ngumi za ridhaa alifika kileleni, mahali ambapo hakuna bondia Mkenya mwingine aliyefika kabla yake wala baada yake. Hadi Michezo ya 2024 Kenya haikuwa imepata tena medali yoyote ya ngumi katika Olimpiki.

Katika ngumi za kulipwa hakufikia lengo alilowekewa. Kushindwa mara 5 katika miaka 5 ni kwingi kwa mtu anayetafuta nafasi ya kupigania ubingwa. Lakini hesabu hiyo ilikatizwa na kifo. Boudouani, aliyeangushwa naye Seoul, alipata ubingwa wa dunia wa WBA katika uzito wa juu zaidi mwaka 1996, akiwa na miaka 29, na kuushikilia hadi 1999. Hiyo haithibitishi kwamba Wangila naye angeupata. Inaonyesha tu kwamba aliyemshinda hakuwa bondia dhaifu, na kwamba umri wa miaka 26 ni mapema kuifunga hukumu ya bondia.