Mbaraka Mwinshehe

Mbaraka Mwinshehe Mwaruka (27 Juni 1944 - Januari 1979) alikuwa mwanamuziki wa dansi kutoka Morogoro, Tanzania. Alikuwa mwimbaji, mtunzi na mpigaji wa gitaa la solo. Alijulikana kwanza katika bendi ya Morogoro Jazz, kisha akaanzisha bendi yake mwenyewe iliyoitwa Super Volcano. Alianza kama mpigaji wa ukumbini, mbele ya watu waliolipa kiingilio ili wacheze, akaishia kuwa mmoja wa wanamuziki wa Tanzania ambao santuri zao ziliuzwa sana Kenya. Alifariki kwa ajali ya gari akiwa na umri wa miaka 34.

Mazingira aliyokulia

Mji wa Morogoro uko chini ya Milima ya Uluguru, kilomita 190 hivi magharibi ya Dar es Salaam. Reli ya Kati ilifika hapo mwaka 1907, na mashamba ya mkonge yakaenea katika nchi tambarare inayouzunguka mji. Mashamba hayo yalivuta vibarua kutoka sehemu nyingi za nchi, nao walichanganyika na Waluguru walioteremka mlimani kuuza mazao yao. Mji ukawa na watu wa makabila mengi wanaozungumza Kiswahili, wenye mshahara wa mwisho wa mwezi na wanaotafuta burudani siku za mapumziko. Hali hiyo inasaidia kueleza kwa nini mji usio mkubwa uliweza kulisha bendi mbili mashuhuri kwa wakati mmoja.

Bendi ya kwanza ni Morogoro Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1944, mwaka uleule aliozaliwa Mbaraka. Neno jazz katika majina ya bendi za wakati huo halikuwa na maana ya muziki wa jazz wa Marekani. Lilimaanisha tu bendi ya dansi yenye magitaa, ngoma na vyombo vya kupuliza. Ya pili ni Cuban Marimba, iliyoongozwa na Salum Abdallah, ambaye alipenda sana santuri za Kuba na kuzigeuza mahadhi yake kuwa nyimbo za Kiswahili. Vijana wa Morogoro wa miaka ya 1950 na 1960 walikua wakizisikia bendi hizo mbili zikishindana.

Kuacha shule

Mwaka 1965 Mbaraka aliacha masomo ya sekondari kabla ya kuyamaliza, akajiunga na Morogoro Jazz. Uamuzi huo haukuwa mdogo. Miaka minne tu ilikuwa imepita tangu uhuru, na nafasi za sekondari zilikuwa chache mno kulingana na idadi ya watoto waliomaliza shule za msingi. Aliyefika sekondari alitazamiwa kuwa karani, mwalimu au ofisa wa serikali. Mpigaji wa dansi, kwa upande mwingine, hakuwa na uhakika wa mshahara wala pensheni, na wazazi wengi waliiona kazi hiyo kuwa ya kihuni.

Mwaka huohuo, mwezi Novemba, Salum Abdallah alifariki kwa ajali ya gari. Uongozi wa Cuban Marimba ulichukuliwa na Juma Kilaza. Ushindani kati ya bendi hizo mbili uliendelea, lakini sasa jina la Mbaraka ndilo lililokuwa likipanda.

Morogoro Jazz

Katika Morogoro Jazz Mbaraka alikuja kuwa mpigaji wa gitaa la solo, mwimbaji na mtunzi mkuu. Nyimbo za dansi za wakati huo zilikuwa na mpango unaoeleweka. Kwanza huja beti za polepole zinazosimulia kisa, kisha muziki huchemka, waimbaji hurudia kiitikio kifupi na gitaa la solo huwaongoza wachezaji. Sehemu hiyo ya pili ndiyo iliyokuwa mtihani wa mpigaji gitaa, kwa sababu ukumbini iliweza kuendelea kwa muda mrefu kadiri watu walivyotaka kucheza. Kila bendi ilikuwa pia na jina la mtindo wake wa kucheza. Morogoro Jazz ilijulikana kwa mitindo ya Sululu na Likembe.

Mwaka 1970 bendi hiyo ilikwenda Japani kuiwakilisha Tanzania katika maonyesho ya kimataifa yaliyofanyika Osaka. Safari hiyo iliacha kumbukumbu katika wimbo uitwao Expo 70. Nyimbo nyingine za kipindi cha Morogoro Jazz zinazokumbukwa ni pamoja na Masimango na Mtaa wa Saba.

Super Volcano

Mwaka 1973 Mbaraka aliiacha Morogoro Jazz akaunda Orchestra Super Volcano. Ili kuuelewa uzito wa hatua hiyo, inafaa kukumbuka jinsi bendi zilivyoendeshwa. Wanamuziki wengi wa Tanzania hawakuwa na vyombo vyao wenyewe. Magitaa, vipaza sauti na ngoma vilikuwa mali ya chama, ya mfadhili au ya taasisi ya umma. Bendi ya NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa mali ya chama cha wafanyakazi, na wapigaji wake walilipwa mshahara kama waajiriwa. Aliyetoka katika bendi ya namna hiyo alitoka mikono mitupu, hata kama nyimbo zilizoijaza kumbi alizitunga yeye. Mbaraka alichagua kusimama mwenyewe, katika miaka ya Azimio la Arusha ambapo njia kuu za uchumi zilikuwa zikishikwa na umma. Super Volcano ilipiga kwa mtindo uliojulikana kama Masika Zole Zole.

Santuri na soko la Kenya

Tanzania ya wakati huo haikuwa na kiwanda cha kutengeneza santuri. Radio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi bendi za nchini kwa ajili ya matangazo yake. Redio ilimfanya mwanamuziki ajulikane hadi vijijini, lakini haikumpa kitu cha kuuza dukani. Aliyetaka santuri alivuka mpaka kwenda Kenya, ambako Nairobi ilikuwa na studio, viwanda na kampuni za kusambaza.

Santuri nazo zilikuwa na masharti yao. Upande mmoja wa santuri ndogo ulibeba dakika chache tu. Kwa hiyo wimbo wa ukumbini ulikatwa sehemu mbili: kisa upande wa kwanza, kuchemka upande wa pili. Wimbo wa Shida, uliotolewa na Super Volcano, uliuzwa sana Kenya na ndio uliolieneza jina la Mbaraka huko kuliko nyimbo zake nyingine.

Wanamuziki wengine wa Tanzania walihamia kabisa. Ndugu Wilson na George Kinyonga kutoka Tanga, kwa mfano, walianzisha Simba Wanyika mwaka 1971 na kufanya maisha yao ya muziki nchini Kenya. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na Tanzania ikaufunga mpaka wake na Kenya. Njia ya bendi za Tanzania kwenda studio za Nairobi na kumbi za Mombasa ikawa ngumu ghafla, wakati ambapo soko la Mbaraka la santuri lilikuwa hukohuko.

Kifo

Mwezi Januari 1979 Mbaraka alipata ajali ya gari huko Mombasa, Kenya, akafariki. Mpaka kati ya nchi hizo mbili ulikuwa bado umefungwa, na ulifunguliwa tena mwaka 1983. Wanamuziki wawili waliolijenga zaidi jina la Morogoro katika dansi, Salum Abdallah na Mbaraka Mwinshehe, wote walifia barabarani, na hakuna kati yao aliyefikisha miaka 40.

Urithi

Baada ya kifo chake, kampuni ya Polygram ya Kenya ilikusanya nyimbo zake na kuzitoa katika mfululizo wa santuri kubwa ulioitwa Ukumbusho. Baadaye kampuni ya Dizim Records ya Ujerumani ilitoa diski ya nyimbo za kipindi cha Morogoro Jazz kwa jina la Masimango. Kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya kazi yake imehifadhiwa katika kanda na santuri zilizotengenezwa nje ya Tanzania. Nchini mwenyewe alibaki hasa katika maktaba ya redio ya taifa na katika vipindi vya muziki wa zamani, ambavyo hadi leo hupiga nyimbo zake.