Harusi ya Mwalimu na Miaka Tisa ya Mwanzo



Barabara itokayo Kitengela, ikapita Isinya, Kajiado na Bissil hadi Namanga, inaingia nchi ya jirani zetu. Safari hii tutaivuka mipaka na kwenda mbali zaidi, hadi Musoma, kando ya Ziwa Viktoria. Yupo mume na mke wa huko ambao maisha yao yanagusa jambo linalozisumbua nyumba nyingi za upande wetu.

Jambo lenyewe mnalijua. Mume anafanya kazi kiwandani Athi River, mke anauza mboga karibu na ploti wanakopanga. Wameishi pamoja miaka sita na watoto ni wawili. Jumapili wanaingia kanisani pamoja, lakini wakati wa Komunyo wanabaki wamekaa, maana ndoa haijafungwa. Ukiwauliza sababu, watakuambia pesa za harusi hazijatimia: kamati haijaundwa, mahema na magari ni ghali, na kule Kajiado wazee wanataka ng'ombe wachinjwe wa kutosha wageni wote. Hatuandiki ili kuwagombeza. Lakini tukumbushane kwamba Kanisa linadai ridhaa yenu nyote wawili, mkiwa huru kuoana, mbele ya padre au shemasi na mashahidi wawili. Keki haimo.

Julius Kambarage Nyerere alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922. Baba yake, Mtemi Burito wa Wazanaki, alikuwa na wake 22, na Mugaya, mama yake Julius, alikuwa wa tano. Kijana wa boma kama lile alitazamiwa kuoa mapema na kuoa wengi, na kwa kweli wazee walimposea binti yeye akiwa bado kijana wa shule. Posa ile haikuishia kwenye ndoa. Julius alisoma Mwisenge na Tabora, akaenda Makerere, akabatizwa tarehe 23 Desemba 1943, baba yake akiwa amekwisha kufariki, kisha akafundisha shule ya St Mary's, Tabora. Mtoto wa baba mwenye wake 22 alikuwa amekusudia kuwa na mke mmoja. Tulioishi karibu na maboma makubwa twajua uamuzi kama huo si wa siku moja, wala haumwachi kijana bila maneno ya jamaa.

Maria Waningu, binti Gabriel Magige, alizaliwa tarehe 31 Desemba 1930. Alisomeshwa na masista, akawa mwalimu wa shule ya msingi huko Nyegina, karibu na Musoma. Walikuwa wamekwisha kuchumbiana Julius aliposafiri mwaka 1949 kwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, huko Uskoti. Alikaa huko zaidi ya miaka mitatu. Vijana wa leo, ambao simu ikizimwa jioni moja tu tayari kuna ugomvi, na wapime wenyewe uchumba wa namna hiyo.

Alirudi Oktoba 1952 akiwa na shahada, miongoni mwa Watanganyika wa kwanza kuipata Uingereza. Watu wa nyumbani walitarajia msomi wao atembee kama bwana mkubwa. Yeye alianza kujenga. Kwa mikono yake mwenyewe alijenga nyumba ya kumleta mchumba wake, na wanakijiji walistaajabu kumwona mtu aliyetoka Ulaya akifanya kazi ya fundi. Ndipo Jumamosi, tarehe 24 Januari 1953, yeye na Maria wakafunga ndoa Musoma. Katika masimulizi mengi ya maisha yake harusi ile hupewa mstari mmoja au miwili: siku, mji, jina la bibi arusi, basi. Habari ya nyumba ndiyo iliyokumbukwa zaidi.

Nao hawakuifaidi sana nyumba hiyo. Mwaka huohuo Julius alikwenda kufundisha katika chuo cha St Francis, Pugu, kilomita kama 20 kutoka Dar es Salaam. Kwa mwalimu aliyeoa karibuni ilikuwa kazi nzuri, yenye mshahara wa kila mwezi. Lakini mwaka 1953 alichaguliwa kuongoza chama cha TAA, na tarehe 7 Julai 1954 TANU ikaundwa naye akiwa rais wake. Machi 1955 alikwenda New York kuieleza Umoja wa Mataifa hali ya Tanganyika. Aliporudi alitakiwa achague, ualimu au siasa. Akaacha ualimu, na mshahara ukakoma.

Hapa ndipo tunawaomba msome polepole, hasa ninyi kina baba. Mwanamke aliyeolewa na mwalimu sasa alikuwa mke wa mtu asiye na kazi, mwenye maadui serikalini, na nyumbani kuna malezi. Walirudi kwao. Kwa miezi kadhaa Julius alimfundisha Kizanaki padre mmoja wa Maryknoll, akamsaidia pia kutafsiri mafundisho ya dini. Kabla mwaka haujaisha walirudi Dar es Salaam, wakaishi Magomeni. Maria akafungua duka dogo, akiuza mafuta ya taa na mahitaji mengine ya nyumbani. Mume alizunguka nchi akihutubia mikutano, mke akapima mafuta ya taa.

Wengi humsifu Mwalimu kwa kuacha mshahara. Sisi tunaona sifa hiyo haijagawanywa sawasawa. Mtu huweza kuacha kazi kwa ujasiri mkubwa ikiwa yuko mwingine atakayehesabu senti za unga asubuhi inayofuata. Watoto waliongezeka hadi wakawa wanane, na baba alikuwa safarini mara nyingi. Mwenye kutafuta katika nyumba ile mfano wa baba anayekula na wanawe kila jioni hataupata, wala hatuna haja ya kumpamba marehemu kwa jambo ambalo hakuwa nalo, hata kama tangu miaka ya 2000 Kanisa linachunguza maisha yake naye anaitwa Mtumishi wa Mungu.

Na si mara moja tu. Katikati ya mwaka 1957 aliteuliwa kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria. Desemba mwaka huohuo akajiuzulu. Tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ilipata uhuru naye akiwa Waziri Mkuu. Wengi wangesema sasa mama apumzike. Wiki sita baadaye, tarehe 22 Januari 1962, akajiuzulu tena, ili akakijenge chama. Siku mbili zilikuwa zimebaki ndoa yao itimize miaka tisa, na katika miaka hiyo Maria alikuwa amemwona mumewe akiacha nafasi yake mara tatu.

Mwishoni mwa mwaka huo alichaguliwa kuwa Rais, na hayo mengine yamo katika vitabu vya historia. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akiwa na Maria katika ndoa kwa miaka 46, akazikwa Butiama.

Nyumba yao ya Magomeni imehifadhiwa kuwa makumbusho. Ni nyumba ndogo. Mtu wa Kitengela akiiona atafikiri ni ya jirani yake.