Mangi Meli: kichwa bado hakijarudi

Ukipanda kutoka Moshi mjini kuelekea Old Moshi, unafika Tsudunyi, mahali aliponyongwa Mangi Meli. Wengi wetu jina tunalijua. Maisha yake je?

Meli alikuwa mwana wa Mangi Rindi, yule aliyeitwa pia Mandara, ambaye mwaka 1885 aliwekeana mkataba na Wajerumani. Rindi alifariki 1891 na Meli akashika utawala angali kijana. Hakukaa kimya kama baba yake. Juni 1892 askari wake walikipiga kikosi cha Wajerumani, na kamanda wao, von Bülow, akafa. Wajerumani wakaikimbia Moshi. Lakini Agosti 1893 walirudi na jeshi kubwa la von Schele, na safari hii Meli akashindwa.

Aliachwa kwenye kiti, ila chini ya boma la Wajerumani. Mshindani wake, Mangi Marealle wa Marangu, alikuwa rafiki yao, na fitina zikawa nyingi. Hatimaye Meli alishtakiwa kupanga uasi. Tarehe 2 Machi 1900 alinyongwa pamoja na viongozi wengine 18 wa Wachagga, Wameru na Waarusha.

Hadithi haiishii hapo. Ukoo wake unasimulia kwamba kichwa kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Enzi zile wasomi wa Berlin, akiwemo Felix von Luschan, walikusanya mafuvu ya watu wa makoloni ili wapime, eti, tofauti za rangi. Mjukuu wake alidai kichwa hicho kwa miaka mingi. Wazao wakatoa mate kwa ajili ya kipimo cha DNA, na mwaka 2023 Berlin ikatangaza matokeo ya uchunguzi wa mafuvu zaidi ya 1,100 ya Afrika Mashariki: ndugu walio hai walipatikana kwa mafuvu matatu, moja likiwa la akida, mshauri wa Meli. La Meli mwenyewe halikuonekana.

Sasa, wenzangu wa akiolojia na historia, hapo ndipo kazi ilipo. Bila wazee waliotunza majina ya babu zao, maabara isingekuwa na cha kulinganisha. Urithi ulihifadhiwa Old Moshi kabla haujafika kwenye kabati la makumbusho yoyote. Basi ukienda kufanya utafiti kijijini, usimfanye mzee kuwa chanzo tu. Muulize kwanza yeye anatafuta nini. Kule Tsudunyi wanatafuta kichwa wakakizike.