Askofu Alexandre Le Roy: Mmisionari Aliyeandika Habari za Watu wa Kilimanjaro



Wapendwa wasomaji, huku Nyamwage, inapochepuka barabara ya Utete, hatuna mlima. Tuna mto, bonde na mafuriko yake. Hata hivyo leo tunasimulia maisha ya mtu aliyekwenda mlimani, kwa sababu kazi aliyoianza kule inatuhusu na sisi wa bondeni.

Alexandre Le Roy alizaliwa tarehe 19 Januari 1854 huko Normandy, Ufaransa. Alijiunga na Shirika la Roho Mtakatifu, akapewa daraja ya upadre mwaka 1876, na mwaka 1881 akafika Afrika Mashariki. Wakati huo kitovu cha misheni ya shirika lake kilikuwa Bagamoyo, palipokuwa na kijiji cha watu waliokombolewa utumwani, shule na mashamba. Kutoka hapo wamisionari waliingia bara kwa miguu. Pamoja na Padre Étienne Baur, Le Roy alipita Udoe, Uzigua, Ukwere, Ukami na Usagara, na safari hiyo ikazaa kitabu. Alijua kuandika, na alijua kuchora.

Mwezi Julai 1890 alifunga safari ya Kilimanjaro pamoja na Askofu Raoul de Courmont na Padre Auguste Gommenginger. Walitafuta mahali pa kuanzisha misheni. Ulikuwa wakati wa kugawana nchi za watu: tarehe 1 Julai mwaka huohuo Waingereza na Wajerumani walitia saini mkataba wa kugawana maeneo yao Afrika. Miezi michache nyuma, Oktoba 1889, Hans Meyer alikuwa amefika kileleni. Wageni wengi waliutaka mlima kwa ajili ya theluji yake, urefu wake au mpaka wake. Le Roy naye aliistaajabia theluji, lakini aliwatazama pia watu waliokaa chini yake: Wachagga, wakulima wa migomba, waliochimba mifereji ya kuteremsha maji ya mlima hadi vihambani. Huko Kilema, katika nchi ya Mangi Fumba, misheni ikapata mahali. Mwaka 1893 kitabu chake juu ya safari hiyo, chenye michoro, kilichapishwa Ufaransa.

Wakati huo alikwisha kuhamishwa. Mwaka 1892 alifanywa askofu na kutumwa Gabon, na kutoka 1896 hadi 1926 aliliongoza shirika lake kama Mkuu. Lakini hakuyaacha aliyoyaona Afrika. Padre Wilhelm Schmidt alipoanzisha jarida la Anthropos mwaka 1906, Le Roy aliandika katika juzuu la kwanza kuhusu mchango wa wamisionari katika elimu. Kisha akafundisha historia ya dini katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Paris, na masomo hayo yakawa kitabu mwaka 1909. Wapo wasomi wa Ulaya waliodai kwamba Mwafrika hana Mungu, ana hofu na hirizi tu. Le Roy alikataa. Kwa hoja alizozikusanya safarini alionyesha kwamba watu hawa walimjua Muumba na walikuwa na sala, sadaka na maadili kabla mmisionari hajabisha hodi. Alifariki tarehe 21 Aprili 1938.

Tusimpambe kupita kiasi. Jina la kitabu chake cha 1909 linawaita watu hawa kwa neno la wakati wake, neno ambalo masikioni mwetu linamweka Mwafrika chini ya wengine. Tena, wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Katika safari ile ya Kilimanjaro, Le Roy aliondoka kabla ya kushika jembe. Mchungaji wa Kilutheri Bruno Gutmann, aliyefika Uchagani mwaka 1902, alikaa miaka mingi, akasikiliza wazee na kuandika kwa kina zaidi. Hata hivyo Le Roy anatufundisha jambo moja tunalolihitaji: huwezi kumpelekea mtu Habari Njema kana kwamba nyumba yake ni tupu. Kwanza uliza kilichomo.

Sasa tujiulize sisi. Mwishoni mwa miaka ya 1960, baada ya mafuriko makubwa, wakazi wa bonde la Rufiji walihamishiwa vijiji vya miinukoni. Waliokuwa watu wazima siku hizo, waliolala kwenye madungu wakilinda mpunga na waliojua kilimo cha mlau maji yakipungua, sasa ni wazee wachache sana. Wengi wao ni Waislamu, majirani zetu wa kila siku, na heshima haichagui dini. Le Roy alibeba karatasi na kalamu kwa miguu hadi Kilema. Sisi tuna simu mfukoni, tunapiga picha harusini na kwenye ubatizo, na mzee wa jirani hatujamuuliza hata jina la kijiji alichohamishwa.

Twende tukamwamkie, tumwombe ruhusa, tumsikilize hadi mwisho. Tukipiga picha, tuandike jina lake chini, na nakala ya kwanza tumpelekee yeye.

Mungu atujalie masikio ya kusikiliza. Amina.