Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe

Tukiwauliza nyinyi wanafunzi Kinjikitile alikamatwa lini, wengi wenu mnajibu: baada ya vita kushindwa. Huyo ni Kinjeketile wa tamthilia ya Ebrahim Hussein ya mwaka 1969, iliyosomwa sana mashuleni. Mtu mwenyewe aligawa maji ya dawa kule Ngarambe tangu 1904, akawaunganisha watu waliolimishwa pamba kwa nguvu. Dawa ile sisi hatuikubali, lakini dhuluma ile ilikuwa kweli.

Wamatumbi waliinuka Nandete mwishoni mwa Julai 1905. Tarehe 4 Agosti Wajerumani wakamnyonga Mohoro, huku huku kwetu Rufiji, ng'ambo ya mto kutokea Kibiti. Vita vilikuwa vichanga bado, navyo vikaendelea hadi 1907 bila yeye.