Maisha ya Marehemu Kleist Sykes, Katibu wa Kwanza wa African Association

Katika kitabu hiki cha kuadhimisha miaka kumi ya Chama chetu Kikuu tumeona yafaa tutenge nafasi kwa mtu ambaye hakulima pamba wala kahawa, wala hakupata kuandikishwa katika chama chochote cha ushirika kama hiki chetu. Alikuwa karani na mkazi wa mji. Lakini wanachama wetu wanaoshusha mihogo, nazi na machungwa Kariakoo hupita kila wiki karibu na mahali alipofanya kazi yake kubwa, na wengi wao hawajui kwamba palifanyika kazi pale.

Kleist Sykes alizaliwa Pangani mwaka 1894. Baba yake, Sykes Mbuwane, alikuwa Mzulu kutoka Msumbiji, mmoja wa askari walioletwa na Wajerumani chini ya Hermann von Wissmann kuja kuvunja upinzani wa watu wa pwani. Mbuwane alikufa maji katika mto Ruaha wakati wa vita na Wahehe wa Mkwawa, na mtoto alikuwa bado mchanga. Basi mtoto huyo akalelewa Dar es Salaam na jamaa yake, Effendi Plantan, aliyekuwa mkubwa wa askari wale wa Kizulu. Hatuoni sababu ya kuficha jambo hili. Mtu aliyekuja kuwaunganisha Waafrika wa nchi nzima alikuwa mwana wa askari wa kukodiwa, tena mgeni asiye na kabila la kumtegemea hapa. Huenda ndiyo maana hakuona taabu kukaa meza moja na Myao, Mmanyema na Mzaramo.

Alisomeshwa katika shule ya Kijerumani, akajua Kijerumani, kupiga chapa kwa mashine na kuandika kwa hati ya mkato. Vita vya 1914 vilipozuka alipigana upande wa Wajerumani. Waingereza waliutwaa mji wa Dar es Salaam mwaka 1916, wakawaweka wapagazi wao wa Carrier Corps katika soko jipya lililokuwa limejengwa na Wajerumani, na kwa jina la wapagazi hao mtaa wote ukaitwa Kariakoo. Baada ya vita Kleist alipata kazi katika Shirika la Reli, akadumu nayo hata alipostaafu mwaka 1942.

Mji ulikuwa umegawanywa vipande vitatu: Wazungu kwao, Wahindi kwao, na Waafrika Kariakoo na mitaa ya jirani. Makarani Waafrika walikuwa na chama chao tangu mwaka 1922, nacho kilianzishwa Tanga chini ya Martin Kayamba, lakini kilikuwa cha watumishi wa serikali tu. Mwaka 1924 alifika Dar es Salaam Dokta Aggrey wa Gold Coast, pamoja na tume ya Phelps-Stokes iliyokuwa ikichungua elimu ya Waafrika. Kleist alikutana naye, na fikira ya chama cha Waafrika wote ikamkaa moyoni. Ilipita miaka mitano kabla haijatendeka. Mwaka 1929 African Association iliundwa, Cecil Matola akiwa rais na Kleist katibu. Waliokuwa nao ni pamoja na Mzee bin Sudi, Ibrahim Hamisi na Ramadhani Ali. Matola alikuwa Mkristo, na wengi wa wenzake walikuwa Waislamu.

Sisi makatibu twajua maana ya kazi ile. Rais huonekana, katibu huandika. Yeye ndiye aitaye mkutano, aandikaye barua kwa serikali katika lugha ambayo serikali haiwezi kusingizia kwamba haikuielewa, na atunzaye daftari la ada. Wanachama walichanga fedha, wakajitolea na nguvu za mikono yao, wakajenga nyumba ya chama katika pembe ya New Street na Kariakoo Street. Mkulima aliyebeba tofali za ghala la chama chake cha msingi hahitaji kuelezwa jinsi nyumba ya namna hiyo inavyopendwa.

Tusimpambe kupita kiasi. Chama kile kilikuwa cha wasomi wa mjini, na mkulima wa shamba hakuwa na kiti humo. Wakati huo huo wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walikuwa na chama chao tangu 1925, ambacho mwaka 1933 kiligeuzwa kuwa KNCU, chama kikuu cha ushirika, na safari hizo mbili zilikwenda mbalimbali. Hata mjini hapakukosekana ugomvi. Matola alifariki mwaka 1933, na uongozi ukaingia mzozo. Mwaka uliofuata wenye maduka Waafrika waliunda chama chao chini ya Erika Fiah, mtu wa Uganda, ambaye baadaye alitoa gazeti la Kwetu na kuwasema makarani bila huruma. Kwa maoni yetu Fiah hakukosea katika yote.

Kleist naye mwaka 1933 alishiriki kuanzisha Al Jamiatul Islamiyya, iliyojenga shule ya watoto wa Kiislamu, na humo pia akawa katibu. Baada ya kustaafu aliingia biashara mwenyewe. Alifariki mwezi wa Mei, 1949.

Mwanawe Abdulwahid, aliyerudi kutoka vita vya Burma, alikuwa mkuu wa soko la Kariakoo na kiongozi wa chama kile kile, ambacho kwa wakati huo kiliitwa TAA. Aprili 1953 Julius Nyerere alichaguliwa rais. Tarehe 7 Julai, 1954, watu kumi na saba walikutana katika nyumba ile ya michango wakaunda TANU, na miongoni mwao walikuwamo Abdulwahid na ndugu yake Ally. New Street sasa ni Mtaa wa Lumumba.

Watu wengi wakihadithia habari za uhuru huanzia mwaka 1954, kana kwamba nyumba ilikuta watu wamesimama uwanjani. Kwa nini waliotangulia husahauliwa? Siasa imo, lakini sababu nyingine ni nyepesi kuliko hiyo: karatasi zao nyingi zilipotea. Kleist alikuwa na desturi ya ukarani hata nyumbani. Kabla ya kufa aliyaandika maisha yake, na familia ikayahifadhi maandiko hayo. Mjukuu wake, Daisy Sykes Buruku, aliyatumia alipokuwa akisoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na habari za babu yake zikatoka katika kitabu mwaka 1973, miaka 24 baada ya mazishi.